Barua Niliyomnyima Mtani Wangu

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye ukumbi wa kata, sisi wenye vibiashara vya Goba: wa saluni, wa matofali, wa kuku, na mimi wa milango. Kijana mmoja mwenye tai alisimama mbele na maiki kutufundisha namna ya kuwapata wafanyakazi wenye vipaji. Akasema tuandike matangazo ya kuvutia. Akasema tuwaambie waombaji kwamba kwetu watu huishi kama familia. Niliposikia hilo la familia nikasonya, na kusonya kwangu si kwa kimoyomoyo. Akanisikia.

"Mama, wewe umewahi kuajiri mtu mwenye kipaji hasa?"

"Mmoja," nikasema.

"Ulimvutiaje?"

"Kwa matusi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata mwenye tai akacheka. Nikakaa chini nikanywa maji yao ya chupa. Sikuwa nimekusudia kumchekesha mtu.

Karakana yangu iko kando ya barabara ya vumbi, kwenye kipande cha mwisho cha shamba la marehemu baba. Vipande vingine aliviuza kimoja kimoja, waliovinunua wakajenga maghorofa juu ya vilima, na maghorofa yakahitaji milango. Ndiyo biashara yangu hiyo: nawauzia milango watu waliokalia mikorosho yetu. Mimi mwenyewe si fundi. Nilichuuza mbao miaka mingi kabla ya kufungua karakana, kwa hiyo mbao nazijua, na fundi nikimwona namjua.

Kumjua nilikuwa na njia yangu. Niliweka vipande vya mninga vyenye ufa mrefu katikati, na kila aliyekuja kuomba kazi nilimpa kimoja nikamwambia anitengenezee kigoda. Sikumwuliza cheti wala alikosoma. Nilimtazama tu. Wengi walikimbilia msumeno kabla hawajautazama ubao. Wengine waliomba ubao mwingine. Mmoja aliujaza ule ufa kwa gundi na vumbi la randa, akaupiga vanishi, akadhani nina makengeza. Wote hao niliwapa chai, nikawashukuru, wakaenda zao.

Huyu wangu alikuja asubuhi moja akitokea Ukonga, alikofikia kwa dada yake. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, na begani ana mfuko wa turubai wenye randa zake mwenyewe na patasi. Akaniamkia, "Shikamoo mama," kwa sauti ya chini. Nikampa ubao wenye ufa. Aliugeuza, akaugeuza tena, akalowesha kidole kwa mate akakipitisha kwenye ufa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha akauweka chini akaomba chai kwanza. Sijawahi kuona mtu anaomba chai kwanza.

Kile kigoda alikimaliza mchana. Ufa hakuuficha. Aliuacha katikati ya kikalio, akaufunga kwa vipande vitatu vidogo vya mkongo mwekundu vyenye kiuno chembamba, ukaonekana kama pambo lililokusudiwa. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Nikakikalia. Nikatamani kusema neno, nikalimeza, maana nililelewa kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Badala yake nikamwuliza kabila.

"Mnyamwezi, mama. Wa Tabora."

Basi hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu nikiwa na furaha tele. Mimi ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani na babu zetu wakiwapokea. Mtani unamtukana asikasirike, anachukua kitu chako usikasirike, na siku ukifa yeye ndiye anayeshika shughuli ya msiba. Mtu wa kabila jingine ningemkalisha, nikamwuliza anataka nini, nikamweleza nami nina nini. Mtani nilimwambia, "Kumbe mtumwa wangu! Ulipotelea wapi siku zote hizi? Shika randa."

Naye hakuchelewa. "Nilikuwa nasubiri mmalize kuuza mashamba, Bibi Mzaramo, nije niwafute machozi."

Tukacheka mpaka mafundi wangu wawili wakaacha kazi kuja kutazama. Huo ndio ulikuwa usaili, na huo ndio ulikuwa mkataba.

Milango yake sitaieleza sana, naona uchungu. Nitasema tu kwamba mlango wake ukiufunga haukulia wala haukugoma, masika na kiangazi. Alikuwa akikataa kutumia mbao mpaka zimekaa ndani ya karakana wiki kadhaa, "zipazoee," na wateja niliowaambia wasubiri walinuna, kisha wakarudi na shemeji zao. Watu walitoka mbali kuja Goba kwa sababu ya mkono wake. Walipouliza nani katengeneza, nilijibu, "Sisi." Ujira wake sikuuchelewesha hata Jumamosi moja, hilo naomba lieleweke. Nilichomnyima ni vitu vingine.

Cha kwanza kilikuwa barua. Alikuwa na kikohozi cha vumbi la mbao, na alitaka kujiunga na bima ya afya kupitia kazini. Watu wa bima wakamwambia alete barua ya ajira. Angekuwa mtu mwingine angekuja kibarazani kwangu, akakaa, akasema, mama nina shida. Lakini sisi tulikwisha kuzoeana kwa njia moja tu. Akasema mbele ya wenzake, huku anapiga msasa:

"Bibi Mzaramo, barua yangu ya kazi lini? Au unasubiri mpaka mjukuu wako ajue kuandika?"

"Mpagazi tangu lini akapewa barua?" nikamjibu. "Mpagazi hupewa mzigo."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilijisikia hodari. Nilikwenda nyumbani nikamsimulia mume wangu, naye akacheka.

Miezi ikapita. Kikohozi kikawa kinamkata maneno katikati. Siku moja akaniomba feni ya kutoa vumbi na zile barakoa nzito za mafundi. Akaomba vilevile, kwa mtindo wetu. "Ukiniua kwa vumbi nani atakuja kukuzika? Mie ndo mtani wako, nakuomba unitunze mpaka ufe wewe kwanza."

"Kufa tu," nikasema, "nina hamu ya ubwabwa wa arobaini yako."

Feni nilikusudia kununua. Wallahi nilikusudia. Lakini jambo ulilolijibu kwa kicheko linakuwa kama limekwisha, na kesho yake hulikumbuki.

Kisha nikamleta mdogo wangu kuwa msimamizi. Huyu alikuwa ameachishwa kazi ghalani, amekaa nyumbani na mke ananuna, na mama yetu alikuwa ananiangalia kwa jicho la kuuliza. Alikuwa hajui kutofautisha mninga na mkongo, lakini alikuwa damu yangu, na mwenye biashara wa kwetu asiyemweka ndugu yake atasemwa mpaka kaburini. Nikampa daftari, nikampa kiti, nikamwambia awasimamie mafundi. Wiki ya kwanza alimwambia mtani wangu aharakishe mlango kwa kupiga misumari.

Mtani aliweka patasi chini akanigeukia. "Ndo kusema babu zangu walitembea kutoka Tabora mpaka pwani waje wasimamiwe na huyu?"

Nikacheka. Mdogo wangu akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Mtani akainama akaokota patasi yake.

Mama yangu alikuwa akiishi Mbagala, na kila alipokuja kunitembelea alipenda kukaa karakana, kwenye kile kigoda cha ufa, amtazame mtani anavyofanya kazi. Walikuwa wakitukanana hasa. Siku moja nikimsindikiza akaniambia, "Yule anakuomba vitu, wewe unamchekea."

"Anatania, mama."

"Utani una kilio ndani yake. Wewe umeshika kicheko tu." Kisha akaulizia bei ya samaki. Nami nikamjibu habari za samaki.

Alipokuja bwana mmoja kutoka Kimbiji sikuona hatari. Alikuwa anajenga nyumba za wageni kule ufukweni, ana shida ya milango, kwa sababu chumvi ya bahari inaipinda. Nikamtembeza, nikamwonyesha kazi, na nilipoitwa na mteja mwingine nikamwacha na mtani. Nilipogeuka niliwaona wamechuchumaa wote wawili, wanautazama upande wa chini wa mlango, mahali ambapo mteja hatazami kamwe. Walikaa hapo muda mrefu.

Alhamisi yake, wakati wa chai, mtani akasimama na kikombe mkononi.

"Bibi Mzaramo, mtumwa wako kapata bwana mwingine. Kimbiji huko. Barua anatoa, bima anatoa, na upepo wa bahari bure. Jumamosi ndo mwisho wangu."

Karakana nzima ikanitazama kunisubiri, kama mchezaji aliyepigiwa mpira. Mimi sikuwa mtu wa kukosa jibu. "Kimbiji? Wewe uliyekulia vumbini, ukiiona bahari si utainywa ukidhani supu?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. "Nasema Jumamosi, mama."

Aliniita mama. Saa za kazi hakuwa akiniita hivyo, aliniita Bibi Mzaramo. Mama lilikuwa la shikamoo ya asubuhi. Neno hilo lilinipita sikioni likaenda.

"Kwa hiyo niende?" akauliza.

"Nenda, nani kakushika? Ila ukifika huko uombe nauli ya kurudi."

Alisimama kidogo na kile kikombe bila kunywa. Nimemkumbuka hivyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Kisha akakiweka kikombe akarudi kwenye mlango wake.

Jumamosi alimaliza kazi, akafagia sehemu yake, akapanga randa kwenye ule mfuko wa turubai. Hilo la mfuko halikunishtua, mafundi wengine pia hubeba vyombo vyao. Akaja kibarazani akasema, "Shikamoo mama." Jioni, na asubuhi alikwisha kuniamkia. Nikasema, "Marahaba, Jumatatu usichelewe." Akasema, "Haya."

Jumatatu hakuja. Jumanne nikawaambia wenzake anatupima. Ijumaa nilikuwa bado nasubiri, kwa kiburi tu, maana kwenye utani anayeshindwa kuvumilia ndiye aliyeshindwa. Wiki ya pili nikapiga simu. Nilisikia upepo, na nyuma yake mashine. Nilikuwa nimekaa kitandani nimejiandaa kusema neno moja, rudi. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Mtumwa mtoro wewe, nitakutangaza."

Akacheka, cheko lake lile lile, lakini bila kikohozi. "Tangaza," akasema. Simu ikakatika.

Nikatangaza basi, si yeye, nafasi yake. Niliandika kwenye makundi ya wasap, nikabandika karatasi kwenye nguzo, nikaagiza kwa wauza mbao. Wakaja wengi, nikawapa ubao wenye ufa, wakaukata. Niliyemtwaa alikuwa yule aliyeuharibu kidogo kuliko wenzake. Masika yalipoingia, mlango wake ukavimba kwenye nyumba ya mwalimu mmoja hapo kilimani, familia ikalala na mlango wazi, wamezuia kwa meza. Mwalimu hakunigombeza. Alinitumia picha tu. Baadaye nilisikia madirisha kaagizia kwingine.

Akaja pia binti mmoja aliyehitimu chuo cha ufundi, mkimya, kucha fupi. Nikampa ubao. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Nikasogea karibu. Akautazama ule ufa, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, mkataba mnatoa?"

"Kwanza kazi, mwanangu. Mkataba utakuja. Hapa ni kama nyumbani."

Akauweka ubao mezani taratibu. "Nyumbani ninako, mama. Natafuta kazi."

Akaniaga vizuri akaondoka. Nilimtukana baada ya kuondoka, nikawaambia mafundi kwamba watoto wa siku hizi wanataka kuvuna wasichopanda. Hakuna aliyecheka. Kesho yake nikaenda kwa mwenye steshenari nikamwambia anichapie barua. Aliniuliza ya nani. Nikasema acha nafasi ya jina. Tukaandika fundi mkuu, tukaandika bima, tukaandika likizo. Nikaipiga muhuri wangu wa karakana nikaiweka kwenye droo. Kumpelekea Kimbiji sikuthubutu. Nilijiambia barabara mbaya.

Ndipo mama akafariki, Mbagala, baada ya siku tatu za homa. Nilikuwa nimekaa ukumbini na wanawake nikasikia kelele mlangoni, watu wanacheka na kugomba. Mtani alikuwa amelala chini kukinga mlango, amevaa shati safi la mikono mirefu, anasema maiti ya mtumwa wake haitoki mpaka alipwe kuku na soda. Sikujua nani alimpigia simu. Alikuwa ametoka Kimbiji alfajiri na ile njia yote ya makorongo. Walimpa soda, akainuka, akawa wa kwanza kutia bega kwenye jeneza. Nilimwona anafuta macho kwa shati lake safi.

Alikaa siku zote tatu za matanga. Alichota maji, alipasua kuni, aliwatukana shangazi zangu wakasahau kulia. Siku ya kuanua tanga, asubuhi, watu wamejaa chini ya turubai, akachukua kanga yangu kambani, akajifunga kichwani, akavuta kigoda cha jikoni akakikalia kwa mapozi. Watu walikwisha kuanza kucheka. Tulidhani atamwigiza marehemu, kama watani wafanyavyo.

Aliniigiza mimi. Alivyoshika kiuno, alivyosonya, alivyopandisha kidevu. Akamwita kijana wa jirani awe fundi. "Kumbe mtumwa wangu! Shika randa." Kicheko. "Barua? Mpagazi tangu lini akapewa barua?" Watu wakashika mbavu. Akakohoa kikohozi kirefu, kisha akabadilisha sauti: "Kufa tu, nina hamu ya ubwabwa." Shangazi yangu mkubwa alikuwa analia kwa kucheka. Mdogo wangu alitazama chini. Mimi nilicheka pia. Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli tupu, na aliyasema maneno yangu bila kuongeza hata moja.

Mwisho akasimama, akaivua kanga, akashika kikombe. Sasa alikuwa yeye mwenyewe. "Kwa hiyo niende?" Akanyamaza, akasubiri. Akasubiri mpaka watu wakaanza kunyamaza nao. Kisha akajifunga kanga tena, akatikisa mkono. "Nenda, nani kakushika?"

Turubai zima likalipuka. Wakamtupia vijisarafu na pipi. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa ushungi, na aliyekaa pembeni yangu akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa na kicheko.

Watu walipoanza kula nilimfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua masufuria ya pilau, amekunja mikono ya lile shati. Kifua chake kilikuwa kimya. Nikasimama mbele yake, mama mtu mzima, nimefiwa.

"Rudi Goba," nikamwambia. "Barua ninayo. Imeshachapwa, ina muhuri. Fundi mkuu. Na bima."

Akatupa kichwa nyuma akacheka, cheko lile lile la siku ya kwanza. "We Mzaramo! Hata siku ya kuanua tanga la mama yako hukosi la kuchekesha?"

"Sitanii. Nasema kweli."

Akaacha kusugua. Akanitazama vizuri, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mama," akasema, "na mie nilikuwaga nasema kweli."

Hakusema kwa hasira. Akaokota steliwaya, akarudi kwenye sufuria, na baada ya muda akaniomba nimsogezee ndoo ya maji. Nikamsogezea.